Mwimbaji Kuchekwa Si Kuvunjiwa Heshima

Wako watu wengi wanaoamini kwamba mwimbaji mashuhuri ana kazi moja tu duniani, nayo ni kuimba. Akionekana mbele ya watu sharti awe amevaa vizuri, ameshika kipaza sauti, na anapigiwa makofi. Siku akionekana kwenye televisheni anaanguka sakafuni, anapakwa unga usoni au anasutwa na mchekeshaji, papo hapo husemwa kwamba ameishiwa, na kwamba njaa imempeleka asikostahili. Mimi siafikiani na maoni hayo, na leo ningependa kueleza sababu zangu.

Nianze na mtu ambaye sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kumwita wetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Mparsi kutoka India, alikuwa mtunza fedha katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Kijana alipelekwa India kusoma, akarudi Unguja, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa yote ikahamia Uingereza. Huko ndiko alikojiita Freddie Mercury, akaungana na wenzake wakaunda bendi ya Queen, na muziki wao wa roki ukaenea ulimwengu mzima. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991, na tangu 2019 pana jumba la makumbusho kwa jina lake katika Mji Mkongwe wa Unguja.

Mercury huyo, aliyezoea kuimba mbele ya maelfu kwa maelfu ya watu, alitokea katika kipindi cha vichekesho vifupi vifupi cha televisheni ya Uingereza kilichoitwa The Kenny Everett Video Show. Kipindi hicho kilitengenezwa na kampuni ya Thames na kuonyeshwa kuanzia 1978 hadi 1981. Katika kipande ninachokizungumzia, mwenye kipindi, Kenny Everett, anasimama mbele ya kamera kwa adabu zote mithili ya mtangazaji wa yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya. Ila shindano analolitangaza yeye ni la fujo. Mara Mercury anamrukia. Wanashikana, wanabiringishana sakafuni, na kichekesho kimekwisha. Ni muda mfupi mno, na mwenye sauti iliyosifiwa kote duniani hakuimba hata neno moja.

Swali langu ni hili: je, siku hiyo Mercury alijivunjia heshima?

Deni la urafiki

Kabla ya kujibu, yafaa tujue yaliyotangulia. Mwaka 1975 Queen walikuwa na wimbo mpya, Bohemian Rhapsody, uliochukua karibu dakika sita. Wenye biashara ya sahani za santuri walisema wimbo mrefu namna hiyo hautapigwa na redio yoyote, kwa maana desturi ya redio ilikuwa nyimbo za dakika tatu hivi. Everett alikuwa wakati huo mtangazaji wa redio ya Capital mjini London. Alipoupata wimbo huo kabla haujatolewa, aliupiga mara 14 katika muda wa siku mbili. Watu wakaanza kuuliza madukani santuri ambayo ilikuwa bado haijafika. Ulipotoka rasmi, wimbo ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa.

Kwa hiyo wale wawili waliobiringishana sakafuni mbele ya kamera hawakuwa mtu na mgeni wake. Walikuwa marafiki wa miaka, na mmoja alikuwa amemfaa mwenzake wakati wa haja. Mercury hakuhitaji fedha wala sifa kutokana na kichekesho hicho. Alikwenda kwa sababu rafiki yake alikuwa na kipindi, na kwa sababu mtu mwenye kujiamini haogopi kuchafua nguo zake kwa ajili ya rafiki. Watazamaji waliokuwa wakijua urafiki huo walicheka kwa furaha. Na wasiokuwa wakijua walipata kuujua siku hiyo hiyo.

Utani

Msomaji atakayesema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, namwomba akumbuke utani. Katika Tanzania, Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na hatimaye wakawa watani. Hadi leo mtani anaweza kuingia msibani, watu wakiwa wanalia, akasema maneno ambayo mtu mwingine yeyote akiyasema angepigwa. Kwetu Kenya pia, katika makabila mengi, mjukuu ana ruhusa ya kumfanyia babu yake mzaha ambao baba mtu hathubutu hata kuufikiria. Babu hapungukiwi na kitu. Kinyume chake, mzee ambaye wajukuu wanamtania ndiye huonekana ana baraka.

Lakini utani una sheria zake, na sheria hizo ndizo zinazoutenganisha na matusi. Ya kwanza, pande zote mbili zinajua kwamba huu ni utani na zimekubali. Ya pili, anayetania leo atataniwa kesho. Ya tatu, hautumiwi kumkandamiza mtu aliyekwisha kuanguka, asiyekuwa na uwezo wa kujibu. Ukiondoa mojawapo ya hizo, utani hugeuka kuwa dhihaka.

Waingereza hawana neno linalolingana sawasawa na utani wetu, lakini katika vichekesho vyao vya televisheni waliufuata bila kuutaja. Mchekeshaji Eric Morecambe alimsuta mwimbaji Des O'Connor kwa miaka mingi, akisema kila apatapo nafasi kwamba nyimbo zake hazisikiziki. Watazamaji wengine walimwonea huruma O'Connor. Kumbe watu wawili hao walikuwa marafiki, na O'Connor mwenyewe alialikwa katika kipindi, akaja, akasutwa uso kwa uso, naye akacheka kuliko wote. Jina lake lilizidi kujulikana, na kazi yake ya uimbaji na televisheni iliendelea kwa miaka mingi.

Hata Beatles, walipokuwa ndio kwanza wanapamba moto, walikwenda katika kipindi cha Morecambe na mwenzake Ernie Wise. Kilirekodiwa Desemba 1963 na kuonyeshwa Aprili 1964. Waliimba nyimbo zao, ndiyo, lakini pia walivaa makoti ya mistari na kofia za kizamani, wakaimba wimbo wa enzi za baba zao, huku Morecambe akiwa amevaa nywele za bandia kama zao na kuwaharibia kwa kelele. Aliyeona kipande hicho hakusema Beatles wamekwisha. Alisema vijana hawa wana damu.

Kariandusi

Jambo hili lilinifikia karibu zaidi hapa ninapoishi, Kariandusi. Msomaji asiyepajua, ni kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, ukiisha kupita Gilgil, jirani na Ziwa Elementaita. Wageni hufika hapa kuyaona mashoka ya mawe ya watu wa kale, ambayo Louis Leakey alianza kuyachimbua mwishoni mwa miaka ya 1920. Wenyeji tunajua vile vile machimbo ya daitomaiti, ule udongo mwepesi mweupe unaotumika katika vichujio. Aliyewahi kuwaona wachimbaji wakitoka kazini, weupe kutoka utosini hadi unyayoni kama waliopakwa unga kwa ajili ya mchezo, anajua kwamba hakuna anayewacheka. Sababu yake ni kwamba kila mtu anajua hiyo ni kazi.

Basi kijana mmoja wa hapa petu, ambaye hupiga gitaa katika usiku wa mugithi huko Gilgil na Nakuru, alipata mwaliko kutoka kwa watengenezaji wa kipindi cha vichekesho mjini Nairobi. Sehemu aliyopewa ilikuwa ya manamba wa matatu anayewaimbia abiria ili wapande gari lake, hadi bibi kizee mmoja anapochoshwa na kelele zake na kumfukuza kwa mwavuli. Kijana alifurahi. Wazee wake hawakufurahi hata kidogo.

Ami yake alinijia. "Mwalimu," akaniambia, "wewe umesoma. Huyu mtoto ameanza kujulikana. Watu wanamlipia ili aimbe. Sasa aende kupigwa mwavuli na mwanamke mbele ya nchi nzima? Kesho nani atamwalika kwenye arusi?"

Nilimheshimu mzee huyo kwa hofu yake, kwa maana haikuwa hofu ya kijinga. Jina la mwimbaji ndiyo shamba lake. Likiharibika hana pengine pa kulima. Nilimjibu kwa kumwuliza: "Mzee, katika mugithi huyu kijana hufanya nini?" Akacheka kidogo, kwa sababu alijua ninakoelekea. Mugithi, kama wengi wajuavyo, maana yake ni garimoshi, na watu huucheza wakiwa wamefuatana mstari kama mabehewa. Mwimbaji huketi na gitaa lake, na katikati ya nyimbo hutupa maneno ya mzaha: humtania aliyekuja na mke wa kwanza, humtania aliyejificha pembeni asinunue kinywaji, na hujitania yeye mwenyewe. Huo mzaha ndio unaowafanya watu wakae hadi alfajiri. Mwimbaji wa mugithi asiyeweza kuchekesha, hata awe na sauti nzuri namna gani, hurudi nyumbani mapema.

"Lakini hapo anayetania ni yeye," mzee akasema. "Huko Nairobi atataniwa."

Hapo ndipo penye kiini cha mambo, na mzee alikiona vizuri kuliko wakosoaji wengi wa magazetini. Yeye hakuogopa kicheko, bali kwamba kijana angekwenda kuwa chombo tu cha kuchekesha, mkononi mwa watu wengine. Kwa hiyo swali la haki ni nani aliye na mpini wa kichekesho.

Haramia

Tazama alivyofanya George Harrison, aliyekuwa mpiga gitaa wa Beatles. Tarehe 26 Desemba 1975 alikuwa mgeni katika kipindi cha vichekesho cha BBC kilichoitwa Rutland Weekend Television, kazi ya Eric Idle, ambaye ni mmoja wa lile kundi la Monty Python. Mzaha ulikwenda hivi. Mwenye kipindi anataka Harrison aimbe wimbo wake unaojulikana, kama wageni wote wafanyavyo. Harrison hataki kuimba. Yeye anataka kuigiza haramia wa baharini, na kila mara anajitokeza amevaa mavazi ya haramia, na kila mara anafukuzwa. Mwishoni anaonekana amekubali. Anatokea na suti nyeupe na gitaa, anaanza kupiga mwanzo wa wimbo wake maarufu My Sweet Lord, watazamaji wanatulia kusikiliza. Ghafla unageuka kuwa wimbo wa haramia.

Uzito wa jambo hili utauelewa ukijua kwamba wakati ule Harrison alikuwa ameshitakiwa kwa ajili ya wimbo huo huo wa My Sweet Lord, akidaiwa kuwa ameiga wimbo wa wengine. Kesi ilikuwa ingali mahakamani, na mwaka uliofuata, 1976, hakimu aliamua kwamba aliuiga bila kujitambua. Mtu mwingine angeuficha wimbo huo kabisa. Harrison aliuchukua jambo lile lile lililokuwa likimnyima usingizi, akalifanyia mzaha yeye mwenyewe kabla ya wengine kumfanyia. Hapo mpini wa kichekesho ulikuwa mkononi mwake.

Wala hakuishia hapo. Mwaka 1978 Idle alitengeneza filamu ya kuwakejeli Beatles, akiwaita Rutles, na Harrison akaigiza ndani yake kama mwandishi wa habari mwenye mvi. Na wenye fedha walipojitoa katika filamu ya Monty Python, Life of Brian, ni Harrison aliyeweka rehani nyumba yake ili ikamilike, ilitolewa 1979. Filamu hiyo ililalamikiwa na Wakristo wengi, na mimi siitetei hapa. Ninachosema ni kwamba mwimbaji aliyeanza kama mgeni wa wachekeshaji alimaliza akiwa mwajiri wao.

Mwenzake John Lennon alikuwa amekwisha kumtangulia. Mwishoni mwa 1966 aliigiza bawabu katika kipindi cha Peter Cook na Dudley Moore, amesimama mlangoni pa klabu iliyokuwa kwa kweli ni choo cha umma. Huyo ni mtu ambaye wakati huo angeweza kudai lolote kwa televisheni yoyote duniani, akapewa. Yeye alichagua kuwa bawabu.

Karakana

Ipo faida nyingine ambayo watu hawaitazami. David Bowie naye alikuwa mgeni wa Everett, mnamo Aprili 1979, akaimba Boys Keep Swinging na kushiriki katika mzaha. Wimbo huo umo katika sahani yake ya Lodger, ambayo ina wimbo mwingine uliotokana na safari yake nchini Kenya, wenye maneno ya Kiswahili ndani yake. Mwelekezaji wa kipindi cha Everett aliitwa David Mallet. Mallet huyo huyo ndiye aliyeielekeza filamu fupi ya wimbo wa Boys Keep Swinging, ambamo Bowie mwenyewe anaigiza waitikiaji watatu wa kike. Na mwaka 1984 Mallet huyo huyo aliwaelekeza Queen katika filamu ya I Want to Break Free, ambamo Mercury na wenzake wamevaa kama akina mama wa nyumbani, wakiufanyia mzaha mchezo wa televisheni uitwao Coronation Street.

Maana yake ni kwamba kipindi cha vichekesho kilikuwa karakana. Humo mwimbaji na mwelekezaji walifahamiana, wakajaribu mambo madogo kwa gharama ndogo, kisha wakayapeleka katika kazi kubwa. Na hiyo filamu ya 1984 ina funzo lake jingine. Waingereza waliokuwa wakiutazama mchezo wa Coronation Street waliuelewa mzaha na wakaupenda. Wamarekani wengi hawakuujua mchezo huo, wakaona wanaume wamevaa nguo za kike, wakachukia, na wimbo haukufanya vizuri huko. Ndiyo sheria ya utani tena: mzaha hauvuki mpaka peke yake. Lazima anayeutazama ajue nani anamtania nani, na kwa sababu gani.

Kwetu

Sasa turudi nyumbani. Kenya haikosi wachekeshaji. Tangu siku za Sauti ya Kenya, kabla haijarudia jina la KBC mwaka 1989, tulikuwa na Vitimbi, ambamo Mzee Ojwang na Mama Kayai walitufanya tusahau ada za shule kwa nusu saa. Tulikuwa na Vioja Mahakamani, na kina Othorongongo na Ondiek Nyuka Kwota kizimbani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaja vijana watatu wa Redykyulass, wakathubutu kumwigiza Rais wa nchi akiwa bado Ikulu. Baadaye wakaja kina Churchill, ambao huwajaza watu ukumbini.

Wala hatukosi waimbaji wenye ucheshi. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na Mr. Ebbo, aliyefariki mwaka 2011, Mmaasai aliyejipatia jina kwa kuufanyia mzaha Umaasai wake mwenyewe na jinsi anavyokitamka Kiswahili. Je, Wamaasai walidharauliwa kwa ajili yake? Kwa maoni yangu walipendwa zaidi, kwa sababu mwenye kusema alikuwa mwenyewe, wala hakuona haya.

Tatizo letu ni kwamba pande hizi mbili hazikutanishwi ipasavyo. Mara nyingi mwimbaji hualikwa katika kipindi cha vichekesho kama vile ua linavyowekwa mezani. Wachekeshaji wanamaliza, mwimbaji anaingia, anaimba wimbo wake, pengine kwa kufungua tu mdomo huku sahani ikicheza, anapigiwa makofi, anaondoka. Hakuna aliyemwandikia neno. Hakuna aliyemwuliza kama ana kisa cha kuchekesha. Mtazamaji anaondoka akiwa amesikia wimbo ambao angeweza kuusikia katika redio ya matatu, na hakumjua mwimbaji hata chembe zaidi ya alivyomjua jana. Nafasi imepotea, tena imepotea bure.

Kwa upande wa pili, wako wachekeshaji wanaodhani kwamba kuchekesha ni kumcheka mtu kwa sura yake, kwa lafudhi ya kabila lake, au kwa umaskini aliotoka. Mwimbaji akialikwa huko, hofu ya wazee inakuwa ya haki. Mzaha wa namna hiyo hauna mtani, una mshambulizi tu na mshambuliwa. Sisi tuliokaa Bonde la Ufa tunajua vizuri kuliko wengine jinsi maneno juu ya kabila la mtu yanavyoweza kuanza kwa kicheko na kumalizika kwa majuto.

Kwa hiyo nilimshauri yule mzee amruhusu kijana wake, lakini kwanza kijana aulize mambo matatu. Ameonyeshwa maneno yote yaliyoandikwa kabla ya kusafiri? Ana ruhusa ya kusema hapana kwa neno lisilompendeza, na kuongeza lake? Na mwisho, atalipwa kiasi gani, na yameandikwa wapi?

Malipo

Hilo la tatu ndilo watu huona haya kulisema, na ndilo lenye uzito. Msanii mchanga huambiwa, "Njoo, utajulikana." Kujulikana hakununui unga. Ukitaka ushahidi, kumbuka Benson Wanjau, ambaye nchi nzima ilimwita Mzee Ojwang. Hapana mtoto wa zama zake asiyemjua. Alipozeeka na afya yake kudhoofika, wananchi ndio waliochanga fedha ili atibiwe, na mwaka 2015 akafariki. Waliochanga walifanya jambo jema sana. Lakini ni aibu kwetu sote kwamba mtu aliyetuchekesha kwa miongo kadhaa ahitaji mchango wa hisani, ilhali kicheko chake kilikuwa kimetumiwa miaka yote hiyo kuuza matangazo ya biashara.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mwigizaji na mwimbaji kuwa ana haki katika kile alichokifanya mbele ya kamera. Haki iliyomo katika kitabu cha sheria haisaidii kitu ikiwa msanii anatia sahihi karatasi asiyoisoma, au hatii sahihi popote. Mwimbaji anapoacha kuimba na kuigiza, anafanya kazi ya pili, na kazi ya pili inastahili ujira wake. Asilipwe kwa makofi.

Kuhifadhi

Kuna jambo la mwisho. Katika miaka ya 1960 na 1970, BBC ilifuta kanda nyingi ili zitumike tena, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyedhani kwamba kichekesho kina thamani baada ya kuonyeshwa. Vipindi vingi vya Peter Cook na Dudley Moore vilipotea kwa njia hiyo. Kipande cha Lennon bawabu kilinusurika, na leo ni hazina. Televisheni tajiri ilitupa mali yake kwa mikono yake yenyewe, na haiwezi kuinunua tena kwa bei yoyote.

Hapa Kariandusi mashoka ya mawe yenye umri wa laki nyingi za miaka yamelindwa chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa, na mtoto wa shule akija huonyeshwa na kuelezwa. Ni vizuri sana. Lakini ikiwa tunaweza kulitunza jiwe ambalo aliyelichonga hatumjui hata jina, hatushindwi kuitunza kanda ya mtu tuliyemjua, tuliyecheka naye, na ambaye nyimbo zake tulizichezea arusini. Vipande vichache vya Vitimbi na Vioja Mahakamani huonekana siku hizi kwenye intaneti, na watu huvitazama kwa hamu. Kila kituo cha televisheni kiweke orodha ya vipindi vyake, kwa mwaka na kwa majina ya walioigiza, ili malipo yakitokea mwenye haki ajulikane.

Kwa wenye vituo nasema hivi: mkimwalika mwimbaji katika vichekesho, mpeni mwandishi, mpeni muda wa mazoezi, na mpeni karatasi ya mapatano aisome. Kwa waimbaji nasema: anayewaalika akiwa na utani wa haki, nendeni. Sauti yenu haitapotea kwa kuwa mmeanguka sakafuni. Ya Freddie Mercury haikupotea. Na kwa sisi watazamaji, siku nyingine tukimwona mwimbaji tunayempenda anafukuzwa kwa mwavuli, tusiulize kwanza kama ni njaa iliyompeleka. Tuulize kama alikubali mwenyewe, na kama amelipwa. Majibu yakiwa ni ndiyo, basi tucheke kwa nafasi.